Makinda Waliopanua Midomo

Siku ya kwanza mtunza bustani kumwona, aliona miguu tu. Miguu miwili yenye raba nyeupe, imetokeza chini ya ua wa michongoma nyuma ya hospitali. Moyo ulimlipuka. Alidhani mgonjwa kaanguka, akatupa mpira wa maji na kukimbia.

"Simama hapo hapo," sauti ya mwanamke ilinong'ona kutoka ndani ya majani. "Usipumue."

Alisimama. Hakupumua. Maji yakawa yanamwagikia kandambili zake. Kisha kitu kikalia kacha, kacha, na mwanamke akatoka kinyumenyume, majani kichwani, kamera mkononi imeviringishwa kitambaa cha kijani cha chumba cha upasuaji.

"Shore," alisema huku akijipangusa magoti. "Ana mayai matatu, na wewe ulitaka kunifukuzia."

"Nisamehe, daktari."

"Daktari wa wapi! Mimi napiga eksirei tu. Ndani napiga mifupa, nje napiga wenye manyoya."

Hospitali nzima ilimwita Mama Mifupa. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, kicheko kikubwa, na mabinti wawili walioolewa mbali ambao walimlalamikia kwenye simu, "Mama, tutumie picha yako, si ya kunguru." Asubuhi kabla ya zamu, na mchana wenzake walipokwenda kula, yeye alikuwa nje na kamera. Alipiga mawaridi ya getini yakiwa na umande. Alipiga kilima cha nyuma ya karakana kikiwa kimefunikwa ukungu. Ila ndege ndio waliomtia wazimu. Picha zao alizibandika ukutani mbele ya kitanda cha eksirei, ili mgonjwa anayegeuzwa mguu uliovunjika apate cha kukodolea macho. Kila moja aliijua siku yake na saa yake. "Huyu alinizungusha siku nne," alikuwa akisema, kama mtu anayemsema mchumba.

Na katika hospitali ile, yeye peke yake ndiye aliyesimama kuzungumza na mtunza bustani. Wengine walimpita kama wanavyolipita bomba. Hakuwalaumu. Alikuwa mtu ambaye maneno humfia kooni, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumwambia mwenye koti jeupe kitu chochote zaidi ya shikamoo na ndiyo. Lakini Mama Mifupa alikuwa akimgeuzia kioo cha kamera na kumwambia, "Hebu ona, kaka," naye aliona, na siku yake ikawa nzuri hadi jioni.

Mayai yakaanguliwa. Jumatatu mchana mtunza bustani alipita kwenye ua akaona mwanga mahali pasipotakiwa kuwa na mwanga.

Vitawi saba vilikuwa vimeondolewa juu ya kiota. Havikuvunjika. Vilikatwa, tena kwa mkasi mdogo mkali, na ua ule hakuna aliyeugusa isipokuwa yeye na mkasi wake mkubwa wa kupogolea. Aliokota kitawi kimoja akakitazama mwisho wake. Hakuhitaji kuuliza. Mama Mifupa alitaka mwanga wa picha, basi akaufungulia.

Jua la saa saba lilikuwa limeingia kiotani kama maji ya moto kwenye bakuli. Juu ya tangi la maji lililo kando ya ua, kunguru alikuwa ametua, kichwa upande, anatazama.

Mtunza bustani alimrushia donge la udongo. Kunguru akaruka, akazunguka, akarudi.

Jumanne alikusudia kusema. Alijipanga tangu alfajiri: dada, samahani, yale majani. Mama Mifupa alipokuja, uso ulikuwa unang'aa. "Kaka, nimeipata! Hebu ona!" Kiooni kulikuwa na makinda matatu, midomo imepanuliwa hadi kooni kwekundu. "Wanamwita mama yao. Hii naipeleka kwa wale binti zangu wanaonicheka."

Mtunza bustani alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Nzuri."

Hakuwa mwoga wa kufukuzwa kazi. Alichoogopa ni kwamba kesho yake Mama Mifupa naye angempita kama bomba.

Siku nzima alishinda palepale akimfukuza kunguru kwa mpira wa maji. Katibu wa hospitali alimwona dirishani, akatoka. "Wewe, umeuoa huo ua? Maua ya mbele yanakauka, huku unafanya fungate!" Akalazimika kwenda mbele. Aliporudi, kunguru alikuwa juu ya ua wenyewe, hatua tatu kutoka kiotani, na ndani ya kiota kinda mmoja alikuwa amelala chini ya wenzake, shingo imelegea. Hakuliwa. Alikuwa amekauka.

Jumatano asubuhi alikata matawi upande wa pili, akayafunga kwa kamba juu ya kiota, vizuri, jani juu ya jani. Halafu akakaa chini kusubiri.

Mama Mifupa alifika saa saba, akainama, akainuka.

"Nani kaniharibia?"

Mtunza bustani aliinuka, akajipangusa majani.

"Kaka, nakuuliza. Nani kafunga haya majani?"

"Mimi."

"Wewe? Unajua nimelala chini hapa siku ngapi? Mgongo wangu unajua! Kwa nini unifanyie hivi?"

Mtunza bustani alijilazimisha kusema. "Ulikata wewe, dada. Mmoja amekufa jana."

"Kunguru?"

"Jua." Kisha, kwa kuwa alikwisha kuanza na hakujua jinsi ya kuacha, akanyoosha kidole kwenye kamera. "Ile picha ya jana. Ifungue. Mama yao yuko wapi?"

Mama Mifupa aliifungua. Aliivuta ikawa kubwa.

"Kinda akiita chakula, ananyoosha shingo juu," alisema mtunza bustani. "Hawa shingo zimelala. Hawaiti mtu. Wanahema."

Mwanamke aliyesoma picha za miili ya watu kwa miaka thelathini alisimama akiisoma ile. Aliisoma kwa muda mrefu. Akazima kamera, akaondoka bila kugeuka, na mtunza bustani akajua amempoteza.

Alhamisi mchana alikuja bila kamera. Hakusalimu. Alibeba kiti cha plastiki kutoka chumba chake, akakiweka chini ya tangi, akavua koti jeupe, na kila kunguru alipotua akalipunga kama mwehu. "Toka, mchawi wewe!" Wauguzi walitoka madirishani kucheka. Ijumaa vilevile. Kwa siku saba walilinda kwa zamu, yeye mchana, mwenzake muda wote katibu alipokuwa hatazami, na hawakusemezana neno.

Barua ya uhamisho wa Mama Mifupa ilikuja katikati ya siku hizo. Mtunza bustani aliisikia kwa wafagiaji. Hospitali nyingine, safari ya siku mbili, na asingerudi tena.

Siku yake ya mwisho ilikuwa ndiyo siku makinda wawili waliporuka. Walikuwa wametua kwenye tawi la chini, manyoya yamevurugika, mama yao anawazunguka kwa kelele. Mtunza bustani alikuwa ameinama kwenye maua aliposikia hatua kwenye majani makavu. Zilikoma mbali, mwisho wa nyasi. Mama Mifupa alikuwa amesimama pale, kamera shingoni, kifuniko cha lenzi bado hajakitoa. Aliwatazama ndege, akamtazama yeye, akauliza kwa sauti ndogo:

"Kaka, nisimame wapi?"