Doto Wote wa Kitabuni

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, maana nilikwenda Tabora mjini kung'oa jino nikafikia kwa mjukuu wangu Neema. Kazi yake ni kupanga kurasa za vitabu kwa kompyuta. Alikuwa na kitabu cha usharika wetu, habari za familia za Usoke, na mpiga chapa alikitaka jioni hiyohiyo.

Nikavuta kigoda nikatazama. Kila sura ina faili lake, na maneno yetu yamechanganyika na mabano na vijistari vilivyolala. Akasema hizo ni alama za kuiambia mashine wapi pakae kichwa cha habari, wapi ianze aya. Kisha akafungua kidirisha chenye kisanduku. Ukiandika neno humo, ukabonyeza Tafuta, kinapita mafaili yote na kukuletea kila mstari wenye neno hilo. Shule niliiacha mapema, lakini jambo hilo lilinivutia. Nikamwambia ajaribu tumbaku. Mistari ikajaa kioo kizima. Akajaribu maombi, ikaja michache. Sikushangaa, nawajua watu wa Usoke.

"Haya, kitafute na mkasi wangu uliopotea."

"Mkasi haujaandikwa, Bibi."

"Basi hakijui mengi."

Akacheka, akarudi kazini. Mwalimu wa kwaya, ambaye sote tunamwita Doto, alikuwa ameomba kitabuni aitwe Elizabeti, jina lake la ubatizo. Neema akaandika Doto kwenye kisanduku cha juu, Elizabeti kwenye kingine cha chini yake, akapeleka kidole kwenye Badilisha Zote, ili jina ligeuzwe kila lilipo kwa mara moja.

"Ngoja kwanza, we mtoto. Hao wote ni mwalimu?"

"Si ndiye Doto?"

"Kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Kila nyumba yenye pacha ina Doto wake. Mimi Kulwa, wangu unadhani alikwenda wapi?"

Akaondoa kidole. Tukaanza kushuka, mstari mmoja mmoja. Doto mpiga ngoma. Doto mkunga. Doto aliyehamia Ulyankulu. Halafu huyu hapa: Doto, pacha wa Kulwa, alifariki msimu wa kukausha tumbaku, hajaolewa.

Dada yangu hana picha, hana mtoto. Ana mstari huo tu. Alipokufa nilikuwa msichana, na watu wakawa wanakosea kuniita kwa jina lake. Mama aliwakemea bila kuona haya: "Huyu ni Kulwa. Doto nimemzika. Jina lake mwachieni." Wakati ule nilidhani ni hasira ya msiba.

"Na huyu, Bibi?" Neema akauliza, sauti imeshuka.

"Mwache alivyo."

Akamwacha. Mwalimu akapewa Elizabeti wake kila mahali panapomhusu. Kitabu kilichelewa, mpiga chapa akanuna. Anune.

Mwanangu, chombo cha namna hiyo kitumie, sikukatazi, mimi mwenyewe nimekipenda. Lakini chenyewe kinaleta tu, hakijui kimemleta nani. Usiguse jina la mtu kabla hujausoma mstari alimo, na kama humjui, waulize waliomjua wakiwa bado wanapumua. Mungu akupe macho yasiyo na haraka, akujalie na watu wa kulitunza jina lako siku wewe hutakuwepo kulisemea.