Miti ya Skolastika

Siku yangu ya kwanza kitaluni Mapera, Bwana Misitu aliniangalia miguu kabla ya uso. "Miguu ya kulima ngoro hiyo," akasema, yaani yale mashimo tunayolima kwenye miteremko. "Itafaa." Niliishia darasa la nne, lakini mche haukuulizi umesoma mpaka wapi. Nikapewa viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea mbegu, nikaanza kuvijaza udongo. Mwenzangu alikuwa Skolastika, mjane, mdomo kama pilipili.

Kahawa ilikuwa imeachiwa wanunuzi binafsi. Bei ikapanda, ikaanguka, wanaume wakashuka mabondeni kukata miti wafungue mashamba mengine. Chemchemi zikaanza kukauka. Nani aliyefuata maji mbali na ndoo kichwani? Si wao. Ndiyo maana tuliilea ile miche kama watoto, tukiipunguzia kivuli kidogo kidogo izoee jua kabla ya kwenda shambani.

Bwana Misitu akatangaza kila kaya ipande miti kwenye chanzo chake cha maji. Maneno mazuri. Ila kwetu Wamatengo, anayepanda mti ametia alama kwamba ardhi ni yake. Mwanamke alime maharage mpaka mgongo upinde, hakuna wa kumuuliza. Apande mti, uone.

Skolastika akapanda kwenye chemchemi ya ntambo, yaani mlima wa ukoo wa marehemu mumewe. Nilimwonya. Akacheka: "Dada, kwani maji wanakunywa wanaume peke yao?"

Miti ilipomfika kiunoni, shemeji yake mkubwa akaja na ndugu zake. "Wewe uliolewa hapa, au ulikuja kurithi?" Hawakung'oa mti hata mmoja. Walimng'oa yeye, na binti yake mgongoni.

Tulikwenda kwa Bwana Misitu. "Mama, mimi naleta miche," akasema. "Mambo ya ukoo malizaneni huko huko."

"Na hiyo miche tunaipanda wapi, Bwana Misitu, mawinguni?" nikamjibu.

Haukupita muda nikahamishiwa kitalu cha Mpepai. Skolastika akateremka kwa kaka zake waliohamia Chiwanda, kando ya ziwa, akawa anaanika dagaa ufukweni mpaka homa ikamchukua. Nilifika kaburi limeshafunikwa.

Baadaye akaja Afisa Maliasili, mwanamke wa kutoka mkoa mwingine. Akaagiza akina mama tuingie kamati ya mazingira. Tuliingia. Tukakaa benchi la nyuma, tukachemsha chai ya kikao.

Nilipostaafu waliniaga pale pale kwenye chemchemi ya Skolastika. Miti imesimama, maji yanatiririka. Mgeni rasmi akamkabidhi yule shemeji jembe jipya kwa kutunza mazingira. Nikasimama bila kuitwa.

"Miti hii aliipanda Skolastika," nikasema. "Mkamfukuza kwa ajili ya miti hii hii."

Yule shemeji, mzee sasa, akatazama chini. Jembe hakulirudisha.

Wajukuu zangu, kazi yangu naionea fahari. Milima mingi mnayoiona ina kivuli cha mikono yetu. Lakini siku ile nilikuwa nimekuja na binti wa Skolastika, mtu mzima sasa. Aliposhikwa na kiu, alisimama kando ya ile chemchemi, akaomba ruhusa ya kunywa.