Shikamoo kwa Mtani

Simpendi yule bwana, na sitajifanya. Ana meza ya viatu vya mitumba pale soko la Mchikichini, mkabala na yangu ya mashuka. Kabila lake na langu ni watani tangu enzi za mababu, na utani huo yeye ameugeuza kibali. Nikifungua robota, anachomoa shuka zuri kuliko yote na kuondoka nalo. Ananiita mjane, na mume wangu yuko hai. Nikinuna, wenzetu wananicheka, maana mtani hanuniwi.

Hayo niliyavumilia, mengine nikamrudishia. Kilichonishinda ni binti yangu, aliye chuo, ambaye Jumamosi huja kunisaidia kuuza. Yule bwana alianza kumwita "mke wangu". Sawa, hata babu humwita mjukuu hivyo. Lakini akawa anamshika mkono na hamwachii, anamvuta hadi kwenye meza yake mbele ya wateja. Jumamosi moja binti akabaki nyumbani. Iliyofuata pia. Nikamuuliza kulikoni.

"Mama, kule siji tena. Nyie mnacheka tu."

Nilikasirika. Asubuhi nilimfuata yule bwana, nikamwambia amwache mwanangu, nikamwita mshenzi, nikamwita mbwa. Akapiga makofi!

"Leo mtani kaamka vizuri!"

Meza zote za jirani zikaangua kicheko. Nilimtukana kwa moyo wangu wote, naye akanijibu kwa matusi matamu kuliko yangu. Ndipo nikaelewa kwamba hata nikimtukana hadi jioni nitakuwa namburudisha bure.

Kesho yake nilimpelekea kitu ambacho watani hawapeani, yaani heshima. Ananizidi miaka kadhaa. Nikasimama mbele ya viatu vyake.

"Shikamoo, kaka."

"Khaa! We mjane, umeanza kunizeesha?"

"Shikamoo, kaka."

Akatazama kulia na kushoto. Muuza mikanda aliye jirani yake hakuwa anacheka tena. Shikamoo haiachwi hewani.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo.

"Utani wetu umekwisha. Shuka utanunua kama mteja, na mwanangu humgusi."

"Utani hauvunjwi na mtu mmoja. Siku ukifa, nani atakuja kukutania msibani?"

"Nizikwe kimya."

Nilisema hivyo kwa hasira, lakini neno hilo liliniuma, na linaniuma bado. Msiba usio na watani kwetu ni mkavu, watu hulia tu mpaka wachoke. Pale sokoni wanasema nimeringa. Waseme.

Nilimsimulia binti yangu, na Jumamosi akaja. Alipita mbele ya meza ya viatu akiwa amebeba mashuka kichwani, akasimama, akamwamkia kama mkwe anavyomwamkia mkwe, kwa adabu na kwa mbali. Yule bwana akaitikia marahaba, mikono yake yote miwili ikiwa mapajani.