Kifaa Kisicho na Namba

Nilijifunza kusoma nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mama wa watoto wawili, katika darasa la jioni la watu wazima. Cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na thelathini na sita. Cheti cha uhazili nilikabidhiwa tarehe 11 Desemba, siku kumi na tisa baada ya kumzika mume wangu. Nayataja haya mapema kwa sababu wapo waliosema kwamba nafasi yangu ofisini nilipewa kwa kuonewa huruma ya ujane. Hakuna aliyenionea huruma. Nilikaa kwenye usaili pamoja na wasichana wa umri wa binti yangu, nikawashinda kwa kasi ya kuchapa na kwa usafi wa kazi.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Inatosha kusema kwamba ni ofisi ya umma hapa Dodoma, inapokea malalamiko ya ardhi, na wengi wanaokuja kwetu hutoka vijijini, Kigogo kikiwa chepesi zaidi kinywani mwao kuliko Kiswahili. Wasioweza kuandika husema, nami huchapa. Kazi hiyo naipenda kuliko zote, maana najua hali ya mtu aliyesimama mbele ya karatasi isiyomsemesha.

Tarehe 8 Mei alikuja mama mmoja kutoka kijiji kilicho mbele ya Mvumi, mjane kama mimi, ila amenizidi kama miaka ishirini. Jiwe la mpaka wa shamba lake lilikuwa limehamishwa hatua arobaini kuingia upande wake. Alimtaja aliyelihamisha, mtu mwenye cheo, nami nikalichapa jina hilo kama alivyolitamka. Nilipomsomea maelezo yake, alishika ukingo wa meza.

"Mwanangu, lifute hilo jina."

"Mama, bila jina maelezo yatapungua nguvu."

"Yapungue. Wewe unalala mjini. Mimi nalala peke yangu kule. Lifute."

Nikalifuta herufi moja baada ya nyingine, kisha nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Hakujua kusoma, lakini aliona kwamba palipokuwa na alama pamebaki peupe.

"Limekwisha?"

"Limekwisha, mama. Sasa tunalijua wewe na mimi tu."

Akaondoka ameridhika. Nami niliridhika, kwa kuwa niliamini nimesema kweli.

Kila mwisho wa mwaka wa fedha ofisi zetu huhakiki mali. Kila kitu cha serikali kina namba yake, iliyoandikwa kwa rangi nyeupe: kiti, kabati, feni, hata ndoo ya taka. Tarehe 27 Juni kazi hiyo tulipewa mimi na mtunza ghala, mtu mzima mwenye maneno mengi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akinung'unika kwamba namchelewesha.

"Mama, kwa macho hayo hata nzi wa ofisi hii watapata namba."

"Wakiletwa na hati ya mapokezi, watapata," nikamjibu.

Tulipofika kwenye meza yangu, niliondoa kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu kuifunika kompyuta, nikaigeuza mashine nyuma. Waya wa kibodi haukuingia moja kwa moja katika tundu lake. Kati ya waya na tundu palikuwa na kidude cheusi, urefu wake kama kiungo cha kidole gumba. Vumbi lake lilikuwa jembamba kuliko vumbi la vitu vingine. Namba hakikuwa nayo.

Hapo nilifanya kosa ambalo bado linanichekesha. Nilidhani ni kinga ya umeme, kwamba kuna mwenye hekima aliyekiweka ili mashine yangu isiungue umeme unapokatika na kurudi. Nikakipangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikashukuru moyoni, kisha nikaandika daftarini: kifaa kidogo cheusi, kimoja, hakina namba.

Mtunza ghala aliinama akakitazama, akasahau manung'uniko yake. "Mimi hiki sijakitoa, mama," alisema. "Na kisichotoka kwangu hakikushuka kutoka mbinguni."

Sikukichomoa. Nilikipiga picha kwa simu yangu, na kesho yake, Jumamosi, nikaenda kwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko. Ni mwanamke kijana wa Kondoa aliyesoma chuo kikuu kule Chimwaga, na hakosi la kunitania. Aliikuza picha, akaitazama, akanirudishia simu.

"Shikamoo tena, mama. Nyie Wagogo mnamjua kupe?"

"Tulimjua kabla bibi yako hajazaliwa."

"Basi huyu ni kupe. Amekaa nyuma ya sikio la ng'ombe. Kila herufi unayobonyeza anainywa kabla haijafika kwenye mashine. Aliyemweka anakuja siku yake, anamchomoa, anamkamua, anasoma."

"Na nikifuta?"

"Kufuta nako ni kubonyeza, mama. Atasoma ulichoandika, kisha ataona kwamba umekifuta. Yaani ukifuta ndiyo unamwonyesha mahali pa kutazama."

Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria kwanza yule mama wa Mvumi. Sivyo. Nilijifikiria mwenyewe. Mwezi Aprili, wakati wa chakula cha mchana, nilimwandikia barua mwanangu aliyeko Mwanza, na humo nikamwita mkuu wetu wa ofisi jogoo anayewika jua likiwa utosini. Niliona aibu njia nzima hadi nyumbani Mkonze. Ilikuwa alasiri, nikiwa nafua, ndipo nilipolikumbuka lile jina. Nikaacha nguo ndani ya beseni, nikakaa. Nilikuwa nimemwambia mtu mzima, mjane mwenzangu, kwamba jina limekwisha, kumbe kila herufi niliyoifuta ilikuwa imehifadhiwa chini ya mkono wangu mwenyewe.

Nilitafakari Jumapili yote. Kulalamika kwa mdomo kungenigeuza mwanamke mwenye maneno. Kukichomoa kimya kimya kungenigeuza mwizi wa kifaa ambacho hakuna aliyekikiri. Nikaona njia niliyofundishwa ndiyo njia iliyobaki. Jumatatu, tarehe 30 Juni, nilimwandikia mkuu wa ofisi barua kwa kalamu: "YAH: KIFAA KISICHO NA NAMBA." Nilieleza kilipo na umbo lake, nikaomba kipewe namba na jina la mwenye dhamana, kama kanuni zinavyotaka. Endapo si mali ya serikali, niliomba kiondolewe mbele ya mashahidi. Sikumtuhumu mtu. Nikaipitisha masjala.

Mkuu aliniita Jumatano. Ni mdogo kwangu kwa miaka tisa, na kila asubuhi huniamkia kabla sijakaa. Siku hiyo shikamoo haikuja.

"Mama, barua hii umeipitisha masjala?"

"Nimeipitisha, mkuu. Imepewa folio, namba yake ndani ya faili."

"Si ungekuja tu tukazungumza?"

"Tungezungumza vizuri sana, mkuu. Lakini mazungumzo hayapewi folio."

Akashusha pumzi. Alinieleza, na lazima nimtendee haki, kwamba sababu ilikuwepo. Mwaka uliopita orodha ya viwanja ilizunguka kwenye simu za watu kabla haijatangazwa, na waliokuwa na haki walikuta wajanja wametangulia. Wakubwa wakaagiza vifaa hivyo viwekwe kwenye kompyuta tatu.

"Kompyuta ni ya serikali, mama."

"Ni ya serikali. Hata kiti nilichokalia ni cha serikali. Lakini maneno ya mwananchi ni yake. Mngeniambia, ningemwambia, naye angechagua aseme nini mbele ya mashine hiyo."

"Mlinzi akijitangaza, mwizi atamkimbia."

"Na mlinzi anayejificha hata kwa mwenye nyumba, mkuu, tutamtofautishaje na mwizi?"

"Mimi binafsi sijasoma chochote," alisema, akizipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Habari za majogoo wala hazinihusu."

Yeye aliangalia dirisha, mimi niliangalia mikono yangu. Nilijua kwamba nikicheka nitaharibu, na nikikasirika nitaharibu zaidi.

"Mkuu," nilisema taratibu, "kama mimi nimesomwa na wewe, wewe unasomwa na nani?"

Alianza kutabasamu, kisha tabasamu likakatika katikati. Akainuka, akaivuta kompyuta yake, akapiga magoti sakafuni na suti yake ya kijivu. Alikaa huko kwa muda. Alipoinuka alikuwa na kidude cheusi kiganjani, ndugu yake na changu.

"Waliniambia ni tatu," alisema. "Hii ni ya nne."

Ningetamani lile jina la mama wa Mvumi ndilo limguse. Aliguswa na lake. Simdharau kwa hilo, kwa sababu hata mimi nilianza na barua yangu ya Mwanza kabla ya kufika kwake. Mtu huanza pale panapomuuma, na la maana ni kwamba asiishie hapo. Aliichukua barua yangu, akaandika pembeni kwamba vifaa vyote viondolewe mbele ya mashahidi na virudishwe kwa walioagiza, na kwamba atawaandikia kuomba ukaguzi wowote ujao utangazwe. Wiki hiyo hiyo tangazo lilibandikwa ukutani: anayetoa maelezo anaweza kuyatoa kwa kalamu, na ataelezwa nani atayasoma.

"Na maelezo ya yule mama wa Mvumi, yaliyokwisha kusomwa?" nilimwuliza nikiwa mlangoni.

"Ripoti ya Mei ilishapanda juu, mama. Siwezi kuirudisha. Huyo bibi usimwambie, utamtia hofu bure."

Hilo sikulitii. Jumamosi, tarehe 5 Julai, nilikwenda kwa nauli yangu na kwa muda wangu. Nilimkuta anapepeta mtama uani. "Mbukwa," nikamwamkia, naye akaitikia na kunisogezea kigoda. Nilimweleza yote kwa Kigogo, bila kujitetea. Hakuusimamisha ungo.

"Kwa hiyo uliniongopea."

"Nilikuongopea bila kujua, mama. Sasa nimejua, ndiyo maana nimekuja."

"Wanalo jina?"

"Huenda wanalo."

"Na wanajua kwamba niliogopa?"

"Huenda hilo nalo wanalijua."

Hapo ungo ukasimama. Alipuliza makapi yaliyobaki pembeni, akauweka chini, akajipangusa mikono.

"Basi hofu yangu imetumika bure. Wanalijua wakubwa, unalijua wewe, nalijua mimi. Aliyebaki nje ni nani? Jirani zangu tu, na wao ndio wangenilinda. Kalamu unayo?"

Nilikuwa nayo.

"Ngoja kwanza."

Alitoka akawaita majirani wawili, mwanamume na mwanamke waliokuwepo jiwe la zamani lilipowekwa, akawakalisha. Kisha akasema maelezo yake upya, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika hadi nyumba ya tatu. Jina alilitamka mara mbili, akanisubiri nimalize kila herufi. Nilimsomea. Akaweka dole gumba lake, na majirani wakaweka ya kwao chini yake. Nilipotaka kuikunja karatasi alinizuia mkono.

"Safari hii usifute kitu."

Jumatatu nikayafungulia faili maelezo hayo, na wapima wa ardhi walifika tarehe 18 Septemba. Mwenye cheo hakutokea, lakini nusu ya kijiji ilitokea, na majirani wale wawili wakaonyesha shimo la jiwe la awali, ambalo udongo wake ulikuwa bado laini. Uamuzi wa maandishi ninausubiri hadi leo, na kila Ijumaa naulizia faili hilo kwa namba yake. Yule mama hakuusubiri. Wiki moja baada ya mvua ya kwanza ya Desemba kulowesha ardhi, alinipigia kwa simu ya jirani kunitaarifu kwamba amepanda hatua zote arobaini, na kwamba mtama wa upande ule unaota vizuri kuliko wa huku.