Msomaji wa Obura

Obura alikuwa karani katika ofisi za serikali pale Kajiado, na miaka yote hiyo hakuandika kitu ila barua za wakubwa. Mwaka 1998 alipostaafu, akatulia nyumbani kwake Kitengela, ukuta mmoja na mimi, akamwambia mkewe Selpha kwamba sasa anaandika riwaya. Selpha alidhani ni homa. Mimi nilidhani ni uvivu, na sikumficha.

Riwaya ilimhusu Oyoo, ndugu ya babu yake, aliyechukuliwa kwa nguvu kuwabebea Waingereza mizigo katika vita vya Mjerumani. Wapagazi wale walipita pale pale Kajiado wakielekea Longido. Obura alikuwa ameitazama barabara ya Namanga kupitia dirisha la ofisi tangu ujana wake, akimwona Oyoo akipita na gunia kichwani. Yaliyobaki alisimuliwa na nyanya yake: Oyoo alirudi akakuta ndugu zake wamegawana ng'ombe wake, na mmoja amemchukua mkewe. Akajinyonga. Mti wenyewe ulikatwa, mizizi ikachomwa, na tangu hapo wageni wakaambiwa alifia vitani.

Aliandika miaka na miaka. Redio ilizimwa, watoto wakanyamazishwa, Selpha akawa anatembea kwake mwenyewe kama mgeni. Kitabu kilipotoka, mwaka 2004, alitugawia sote. Mchungaji alikiweka juu ya kabati. Ndugu zake walisifu picha ya jalada. Mimi nilisoma kidogo nikachoka, na kila tulipokutana aliniuliza, "Nzisa, umefika wapi?" Nilimjibu nimefika mbali. Ilinichosha, na pia ilinihuzunisha, kuona mtu mzima akiomba kuulizwa swali moja tu juu ya kazi yake.

Ndipo binti yake Sheryl, muuguzi, akapata mchumba, na watu wa kijana wakaja kujitambulisha. Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, Mzee Wamalwa, mwalimu mkuu mstaafu. Mimi na Selpha tulikuwa jikoni tukipika kuku, mlango wa sebuleni ukiwa wazi. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka mzee alipotoa kile kitabu mfukoni mwa koti. Watu huulizia kabla ya kuoa: kuna uchawi, kuna wazimu, kuna aliyejitia kitanzi? Hata kwetu Ukambani tunaulizia.

"Mzee mwenzangu," Wamalwa alisema kwa upole, "hapa wameandika ni riwaya. Hii mambo ya kamba ni ya kutunga tu, sindio?"

Alikuwa anamsaidia. Hata mtoto angeona kwamba alikuwa anamsaidia. Sheryl alisimama kando yangu na sinia ya chai, haendi mbele wala nyuma. Selpha akanong'ona, "Sema ndiyo, Baba Sheryl."

Obura alivaa miwani yake. Sijawahi kumwona na uso wa furaha vile.

"Hapana," akasema. "Hapo sijatunga kitu. Hata huo mti niliuliza wazee ulikuwa wa aina gani."

Akawaeleza yote, mti, kamba, ng'ombe, na mzee akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Wakala, wakaomba, wakashukuru. Hawakurudi tena.

Sheryl aliomba uhamisho akapelekwa Magadi, kwenye lile joto, na hata Krismasi haji. Selpha huongea na mumewe habari za chumvi na mafuta ya taa tu. Siku nyingine najiambia kwamba katika ukoo ule mzima ni Obura peke yake aliyekataa kudanganya juu ya Oyoo. Halafu namkumbuka Sheryl na ile sinia ya chai, na hasira inanirudia upya. Neno moja tu lingetosha.

Juzi nilimkuta barazani akipangusa vumbi kwenye nakala zilizobaki. Nikamuuliza waziwazi kama anajuta.

"Nzisa," akasema, "yule mzee alisoma yote. Wewe ulifika wapi?"