Bunduki Mpya ya Omondi

Mkitaka kunicheka leo, chekeni polepole.

Rafiki yangu Omondi alileta bunduki mpya ya upepo, ile ya springi, tufukuze ndege kwa mpunga wetu hapa Ahero.

"Tupige kwanza, omera," akasema. "Utengeneze baadaye."

Mimi fundi wa darasa la nne nikakataa, nikaifungua. Springi ikaruka ikanigonga kidevu. Alicheka mpaka meno yake ya bandia yakaanguka kwa matope.

Nikamwambia, "Ngoja niilainishe. Risasi ya kwanza ni yako."

Wiki tatu nikasugua, nikapaka grisi.

Jumamosi tulimzika Omondi.

Leo nimeipiga. Imeenda sawa kabisa, laini, mkebe niliolenga ukaanguka.

Nikageuka kumringia.

Wenye bunduki kama hii, niambieni ukweli. Hata bila grisi ingepiga, siyo?