Mawese Ndani ya Saa

Juzi, sokoni Kasulu, kijana mmoja alikuwa amepanga saa za zamani juu ya kitambaa, zile nyembamba za kutia ufunguo, za mikanda ya ngozi. Vijana wanazipenda tena. Niliisogeza moja sikioni, na harufu ya mawese ikanijia.

Baba alikuwa na saa kama ile. Alitoka nayo Burundi, na aliivaa kwa ibada tu. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, alikuwa shambani nayo imebaki nyumbani. Niliisikiliza, nikadhani inalia kwa sababu imekauka. Kwetu baiskeli ikilia ilitiwa mawese, na bawaba za mlango vilevile. Basi nikabandua mfuniko wa nyuma kwa kisu, nikadondosha matone matatu.

Mlio ukawa mzito, ukachelewa, ukanyamaza. Niliitikisa. Niliifuta kwa kitenge cha mama, nikaianika juani, nikakaa naitazama tu.

Baba aliporudi aliinusa. Nililia kabla hajasema neno.

"Mwana wanje, mwanangu, uliihurumia," alisema, akaifunga mkononi.

Nikaamini kwamba itapona. Jumapili zote zilizofuata aliivaa kanisani, na mtu akimwuliza saa ngapi, aliitazama kwanza, kisha akatazama jua.